MGENI ASIYEPIGA HODI: FILAMU NA TAMTHILIA MAJUMBANI MWETU

Khutba ya Ijumaa, Golf, Lubumbashi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwongozo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Allah hadharani na sirini. Leo nataka tuseme zaidi juu ya sirini. Nataka tuingie majumbani mwetu baada ya Swala ya Isha, wakati mlango umefungwa, bukari imekwisha kuliwa, sahani zimetolewa, na televisheni imewashwa.

Sisi wakaaji wa Golf tunajulikana mjini kwa kuta zetu. Ukuta ni mrefu, juu yake kuna vipande vya chupa au nyaya, mbele kuna mlango wa chuma, na nyuma ya mlango yupo mlinzi. Mgeni akifika kwenye lupangu, mlinzi hafungui tu. Anamuuliza: Wewe ni nani, na umetumwa na nani? Unamtafuta nani humu ndani? Umebeba nini mkononi? Utakaa mpaka saa ngapi? Asiyejibu vizuri anabaki barabarani, hata akiwa amevaa koti zuri.

Dini yetu ilitangulia kuulinda mlango kabla yetu. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Allah (S.W.) amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo amewaamrisha hata watoto wa nyumbani na wanaotutumikia waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri tunapopumzika, na baada ya Isha.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Mtoto wako wa damu anaamrishwa apige hodi baada ya Isha. Lakini saa hiyo hiyo mtu usiyemjua anaingia kwa waya wa dishi. Anavua nguo mbele ya watoto wako, anamtukana mama yake mzazi, anamchoma mwenzake kisu, na wewe unamwongezea sauti. Hakuna aliyemuuliza ametumwa na nani.

JE, TUITOE TELEVISHENI NYUMBANI?

Nilipokuwa kijana, nimetoka chuoni na Qur'ani yangu, nilikuwa nikisimama mbele ya watu na kusema: televisheni ni shetani, itoeni nje. Baadhi ya wazee walinisikiliza. Baada ya siku chache watoto wao wakaanza kupotea ifikapo saa moja jioni. Tuliwakuta wapi? Kwa majirani, wameketi chini sakafuni, wanatazama kila kinachopita, tena bila baba wala mama wa kuwaambia kwamba hili ni zuri na hili ni baya. Tulikuwa tumeondoa sanduku, tukayaacha macho. Na leo sanduku limekuwa dogo, linaingia mfukoni mwa mtoto. Anaitazama filamu nzima kwenye simu chini ya shuka, na baba anafikiri amelala.

Najua wapo wanazuoni wanaokataza picha zote. Ndugu anayejizuia kwa ajili hiyo, tumheshimu na wala tusimcheke. Wapo wengine, nao ni wengi, wanaosema kwamba chombo ni chombo, na hukumu inafuata kile kinachopita ndani yake. Saudia, televisheni ilipoanza mwaka 1965, palizuka ugomvi mkubwa hata damu ikamwagika. Leo nchi hiyo hiyo inarusha Swala ya Tarawehe kutoka Makka, na sisi hapa Lubumbashi tunaitazama mwezi wa Ramadhani huku machozi yakitutoka.

Tena Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa mtu wa kuwakunjia uso watu wa nyumba yake. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini. Mtume (S.A.W.) akasimama akamsitiri kwa shuka lake, naye akatazama mpaka yeye mwenyewe alipochoka. Bibi Aisha akawataka watu wapime wenyewe haja ya msichana mdogo apendaye mchezo. Zingatieni mambo mawili hapa. Mtume alimwacha mkewe atazame. Lakini pia alikuwa amesimama pale pale pamoja naye, akimsitiri, naye alikijua kile anachokitazama. Hakumwachia mchezo akaenda zake.

Na wala hadithi yenyewe si haramu eti kwa sababu ndani yake umetajwa uovu. Someni Surat Yusuf. Mna ndugu wenye kijicho wanaomtupa mdogo wao kisimani. Mna mke wa mkubwa wa nchi anayefunga milango na kumtaka kijana wa watu. Mna uongo, mna gereza, mna baba anayelia mpaka akapofuka. Haya yote ni mambo ambayo watengeneza tamthilia wa leo wangeyafanya kuwa vipindi mia mbili! Lakini Allah (S.W.) amekiita kisa hicho miongoni mwa visa vilivyo bora kabisa. Kwa nini? Kwa sababu msomaji anapomaliza hatamani kuwa kama yule mwanamke, wala hawapendi wale ndugu kwa hila yao. Anatamani kuwa kama Yusuf. Uovu umetajwa kuwa ni uovu, mkosaji amekiri, aliyedhulumiwa amesamehe.

Hapa ndipo mzani wetu ulipo, ndugu zangu. Tusiulize tu ndani ya filamu hii mna nini. Tuulize pia: filamu hii ikimalizika, itatuacha tunatazamana vipi sisi watu wa nyumba hii?

MTOTO ALIYEKAA KARIBU NA MLANGO

Nitawaeleza jambo lililonifika mwenyewe. Sitataja nyumba, na nawaombeni kwa ajili ya Allah msiitafute.

Miaka michache iliyopita, wiki mbili kabla ya Ramadhani, ndugu mmoja wa jamaa zetu alinipigia simu usiku. Akasema: Mwalimu, njoo utusomee, nyumbani kuna jambo. Nikaenda. Nikamkuta mtoto wa kike wa miaka tisa, binti wa marehemu kaka yake, yatima wa baba na mama, ameketishwa peke yake kwenye kiti katikati ya chumba. Wakaniambia ni mulozi. Nikauliza dalili. Wakasema: anakojoa kitandani, anasema usingizini, na usiku anaamka kula wakati watu wote wamelala. Tena tangu afike, biashara ya baba imeanguka.

Nikauliza: nani aliyekuwa wa kwanza kusema neno hilo? Wakatazamana. Mwishowe kijana wao mkubwa akasema kwamba wiki ile walikuwa wakitazama filamu moja yenye sehemu nyingi, na ndani yake mlikuwa na mtoto yatima aliyeletwa kwa baba yake mdogo, kumbe mtoto yule usiku anaruka na kuwala watu wa nyumba. Watoto wa nyumbani wakaanza kumwita binti huyu kwa jina la yule wa kwenye filamu. Kwanza ilikuwa mzaha. Baadaye mama alipoona kitanda kimelowa, mzaha ukageuka.

Nikamwita binti pembeni. Nikamuuliza usiku anakula nini. Akasema: bukari iliyobaki. Kwa nini? Kwa sababu yeye hula wa mwisho, baada ya kuosha vyombo, na mara nyingi hakuti mboga wala bukari ya kutosha. Ndugu zangu, huo ndio uliokuwa uchawi wote. Njaa, na huzuni ya mtoto aliyewazika wazazi wake.

Lakini lililonivunja moyo ni jambo jingine. Na yeye alikuwa ameitazama filamu ile. Hakuwa na nafasi kwenye viti, alikuwa akikaa sakafuni karibu na mlango. Aliitazama yote, siku baada ya siku. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mi nilikula nani?" Alikuwa ameshasadiki. Alitaka tu nimwambie ni nani katika wale waliokufa ambaye yeye amemuua.

Sasa nakiri mbele yenu kosa langu. Mwezi mmoja kabla ya usiku ule nilikuwa nimekwenda nyumba ile ile kwa shughuli ya ndoa. Niliketi kwenye kiti kizuri nikingoja chai. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu za aina hiyo hiyo, mtu anatapika nyoka, mtoto anaimba makaburini. Niliziona. Nilicheka pamoja na wenyeji, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Mimi, imamu wao! Ulimi wangu uliokuwa ukisema itoeni televisheni nilipokuwa kijana ulinyamaza nilipokuwa mzee mwenye kupewa chai.

Mtoto yule sasa yuko Katuba kwa nkambo wake, mama wa mama yake. Anasoma, alhamdulillahi. Lakini nkambo anasema mpaka leo anaogopa kulala chumba kimoja na watu, asije akawala.

DINI INASEMA NINI JUU YA HAYA

Mtu asije akasema kwamba imamu anakanusha uchawi. Uchawi umetajwa katika Qur'ani, na katika Suratul Falaq tunajilinda kwa Allah na shari yake. Lakini Surat Al-Baqarah, aya ya 102, imebainisha kwamba wachawi hawawezi kumdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Filamu nyingi za namna hii zinatufundisha kinyume chake. Zinatufundisha kwamba mulozi ana nguvu kuliko Mola, kwamba kila ugonjwa una mtu aliyeutuma, na kwamba mtu huyo yumo humu ndani, tena ndiye mnyonge kuliko wote: yatima, bibi kizee, mke asiyezaa, mtumishi wa kike. Hii ni sumu katika Tauhidi kabla haijawa sumu katika undugu.

Kumzulia mtu jambo ambalo hakulifanya ni buhtani, nayo Mtume (S.A.W.) aliitenga na kusengenya akaifanya kubwa zaidi. Na mtoto, kama ilivyopokewa na Abu Dawud, kalamu imeondolewa juu yake mpaka abaleghe. Malaika hawamwandikii dhambi, na sisi tunamwandikia mauaji! Surat Adh-Dhuha imekataza kumwonea yatima. Suratul Ma'un imemtaja anayemsukuma yatima kuwa ndiye hasa anayeikadhibisha dini, hata kama anaswali. Na Mtume (S.A.W.) amesema katika Bukhari kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa pamoja Peponi, akaonyesha vidole vyake viwili. Kijakazi wa miaka tisa alikuwa ni tiketi ya baba yule ya kuwa jirani wa Mtume, na filamu ikamfanya aione tiketi hiyo kuwa ni laana.

Sheria ya nchi yetu pia imesimama upande huo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Haikuandikwa bure. Iliandikwa kwa sababu watoto wengi wa Kongo, Kinshasa, Mbuji-Mayi na hapa kwetu pia, walikuwa wakifukuzwa majumbani na kulala masokoni kwa ajili ya neno hilo moja.

Sisemi kwamba filamu ndizo zilizozaa jambo hili. Maneno ya ulozi tulikuwa nayo kabla ya dishi, na umasikini na vifo vimeyazidisha. Wala sisemi filamu zote za Nigeria ni za aina hiyo. Lakini tujue mlango ulipofunguka. Mwaka 1992 ilitoka filamu ya Living in Bondage, iliyouzwa kwa kaseti za video, yenye kisa cha mtu anayemtoa mkewe kafara ili apate mali. Iliuzwa sana, na wafanyabiashara wakaona kwamba hofu ina soko. Tangu hapo wamekuja wengi wa kuuza hofu. Mwenye kuuza hofu haulizi kama nyumbani kwako kuna yatima amekaa karibu na mlango. Hiyo ni kazi yako wewe kuuliza.

SI FILAMU ZA ULOZI PEKE YAKE

Wapo watakaotoka hapa wakisema: alhamdulillahi, kwangu hatutazami hizo, mama anatazama novela zake tu, mimi natazama za vita. Ngojeni.

Novela nazo zina darasa lake. Zinamfundisha binti kwamba mama mkwe ni adui, kwamba mume anayekwenda kazini Likasi na kurudi na vumbi mwilini si mwanamume, na kwamba zinaa ikipigiwa muziki mzuri huitwa mapenzi. Mtazamaji anaanza kumwombea mzinifu afanikiwe! Anaingia moyoni mwake akimtetea, wakati Surat Yusuf ilimfundisha kinyume.

Na sisi wanaume tusijifiche nyuma ya wake zetu. Katika Surat An-Nur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, aya ya 30, ndipo ikafuata ya wanawake, aya ya 31. Baba anayemkataza binti novela saa mbili, kisha yeye mwenyewe anabaki na telekomandi saa sita za usiku, amewafundisha watoto jambo moja tu: kwamba haramu ni kuonekana. Na zile za vita, mtu anaua hamsini bila kumzika hata mmoja, halafu tunashangaa vijana wetu wakisikia habari za ndugu zetu wanaouawa Ituri na Kivu wanabadilisha chaneli bila hata kusema inna lillahi.

MASWALI YA MLANGONI

Basi tuyachukue maswali yale ya mlinzi wetu, tuyaweke mbele ya kila filamu.

La kwanza, umetumwa na nani? Nani ameitengeneza, na anataka nini kwetu? Anataka kutufundisha, kutuchekesha kwa wema, au kutuuzia hofu na matamanio?

La pili, unamtafuta nani? Filamu ya mtu mzima si ya mtoto. Chaneli nyingi zinazotufikia kwa dekoda ni za Ufaransa. Nchi hiyo tangu mwaka 1996 imezitaka televisheni zake ziweke alama kwenye vipindi visivyofaa watoto, na tangu mwaka 2002 alama hiyo ni namba pembeni ya kioo: 10, 12, 16 au 18. Maana yake mtoto aliye chini ya miaka hiyo asitazame. Wazazi wengi wanaiona kila siku na hawajui ni nini. Ijueni na muitumie. Lakini jueni pia kwamba alama hiyo inapima damu na uchi. Haipimi shirki, wala haipimi dharau kwa yatima. Hiyo utaipima wewe.

La tatu, umebeba nini? Tazameni nani anapewa ushindi katika kisa, na nani anachekwa. Ukimwona mnyonge ndiye anayechekwa au kuogopwa kila mara, mgeni huyo ana kisu.

La nne, utaondoka saa ngapi? Filamu inayokula Magharibi na Isha, inayomlaza mtoto saa sita akasinzie kalasi kesho yake, hata ingekuwa ya halali imekuwa mwizi.

Na la tano, lile la mzani: ukiondoka, utawaachaje watu wa nyumba hii? Je, mke na mume watazungumza kwa upole zaidi? Je, mtoto atamheshimu nkambo zaidi? Au kila mmoja atakwenda kulala akimtilia mwenzake shaka?

Allah (S.W.) ametukumbusha katika Surat Al-Israa, aya ya 36, kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Naomba msamaha wa Allah kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, was-swalaatu was-salaamu alaa Rasuulillah.

Ndugu zangu, wazee wetu hapa Katanga hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Zamani za Wabelgiji, filamu zilionyeshwa kwenye makambi ya wafanyakazi wa Union Minière, na Mzungu ndiye aliyeamua Mkongo aone nini na asione nini. Leo telekomandi iko mkononi mwetu. Isiwe tumetoka kuchaguliwa na bwana mmoja tukaingia kuchaguliwa na kila mwenye dishi. Mtume (S.A.W.) amesema, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hangoji mbuzi ale majani ya sumu ndipo amwambie.

Basi naomba tushike mambo haya:

1. Tuchague kabla ya kuketi. Baba na mama wakubaliane mapema kitakachotazamwa juma hili. Anayechagua huku kioo kinawaka ameshachaguliwa.

2. Televisheni ikae sebuleni, mahali ambapo kila mtu anapita. Simu za watoto zilale kwa mama usiku. Dekoda ina namba ya siri ya kufunga chaneli, tuitumie, na namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa ambao mtoto anaujua.

3. Tukae nao kama Mtume (S.A.W.) alivyosimama na Bibi Aisha. Filamu ikiisha tuulize: Umempenda nani? Kwa nini? Nani ameonewa? Dakika tano za maneno haya ni darsa kubwa.

4. Mtoto wa ndugu, yatima na msichana anayetusaidia kazi wapate kiti kama wengine, na sahani kama wengine. Nyumba inayomketisha mtu karibu na mlango imeshaanza kuitengeneza filamu yake yenyewe.

5. Tusione haya kuzima. Hata mgeni akiwepo. Hata imamu akiwepo anangoja chai.

Mtaniuliza: tumezuiwa, basi tutazame nini? Vipo. Ipo filamu ya Ar-Risala, aliyoitengeneza Moustapha Akkad mwaka 1976 juu ya kuanza kwa Uislamu. Ndani yake Mtume (S.A.W.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Ipo tamthilia ya Omar iliyoonyeshwa Ramadhani ya mwaka 2012. Hiyo wanazuoni wamehitilafiana juu yake: wapo walioipitia na kuikubali, na Al-Azhar iliipinga kwa kuwa inawaonyesha masahaba wakubwa. Kila mtu afuate anachotulizana nacho moyoni, bila kugombana. Ipo ya Waturuki juu ya Ertuğrul, iliyotoka mwaka 2014 hadi 2019. Vijana wetu wanaipenda kwa heshima iliyomo baina ya mtoto na mama na baina ya kijana na mzee. Lakini waambieni kwamba mengi humo yametungwa, si historia ya kukariri, na mapanga ni mengi kwa watoto wadogo. Vipo vipindi vya wanyama, bahari na nyota, ambavyo mwenye akili akivitazama humtaja Muumba wake.

Na tusidharau cha kwetu. Wakubwa mnalikumbuka kundi la Mufwankolo, waliokuwa wakiigiza kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo mzima kutokana na methali juu ya utawala usiogawanywa. Si kila walichokicheza kinafaa msikitini. Lakini mtu alikuwa akicheka, kisha anajiona mwenyewe ndani ya kicheko chake: uchoyo wake, majivuno yake. Hicho ni kipimo kizuri. Mchezo unaokuonyesha kosa lako ni rafiki. Mchezo unaokuonyesha kila siku kwamba kosa ni la yule dhaifu anayelala chumba cha nyuma, huyo ni adui, mfungieni mlango.

Leo usiku, inshallah, mtarudi nyumbani. Kabla hamjawasha, geuzeni macho kidogo muangalie nani ameketi karibu na mlango.

Ewe Mola wetu, zitakase nyumba zetu, yalinde macho yetu na macho ya watoto wetu. Wape mayatima wetu usingizi wa amani. Mponye yule tuliyemjeruhi kwa kicheko chetu na kwa ukimya wetu. Usituchukulie kwa tulilolisahau au kulikosea. Warehemu wazazi wetu na maiti wetu wote, uwape amani ndugu zetu wa mashariki ya nchi hii, na uijaalie Kongo yetu kuwa nchi ya usalama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Allah na ya Mtume wake. Tafadhali usiitupe ovyo wala usiifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)